Mizinga Tunaihesabu, Watu Je?

Mwenzangu wa chumbani anapenda meli za kivita kama wengine wanavyopenda mpira. Ukutani kabandika picha ya Minas Geraes, manowari ya Brazil, na ukimpa nafasi kidogo tu anakuhubiria: ilijengwa Newcastle, Uingereza, ikaanza kazi mwaka 1910, mizinga mikubwa 12, na kwa manowari za aina ile Brazil iliwatangulia hata Ufaransa na Urusi. Yote kweli. Juzi nikamuuliza, mabaharia wake walikuwa nani? Akabaki kunitazama.

Wengi walikuwa watu weusi, na utumwa Brazil ulifutwa mwaka 1888 tu. Maofisa walikuwa weupe. Humo ndani ya chombo cha kisasa kuliko karibu vyote baharini, baharia akikosea alichapwa, kama kwenye shamba la miwa. Novemba 1910 baharia Marcelino Rodrigues Menezes alipigwa viboko 250 mbele ya wenzake. Usiku wa tarehe 22 mabaharia wakaasi. Wakaiteka Minas Geraes na manowari nyingine tatu, wakaelekeza mizinga Rio de Janeiro. Kiongozi wao alikuwa João Cândido, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Dai lao kubwa? Viboko vikome.

Baada ya siku chache Bunge likapitisha msamaha, wakarudisha meli. Kumbe msamaha wenyewe ulikuwa wa karatasi. Wengi walifukuzwa, na Desemba, baada ya uasi mwingine kuzuka, João Cândido alifungiwa na wenzake 17 katika seli moja kwenye kisiwa cha Ilha das Cobras, seli yenye chokaa iliyowakaba pumzi. Walitoka hai wawili. Mwaka 1912 mahakama ilimwachia huru, lakini jeshini hakurudishwa. Alifanya kazi soko la samaki hapo hapo Rio, akafa mwaka 1969.

Rafiki yangu ana hoja yake: jeshi bila utii si jeshi, na usiku ule maofisa waliuawa, akiwemo nahodha wa Minas Geraes. Ni kweli waliuawa, sitaki kulifunika hilo. Ila nami namuuliza, huo utii wa mjeledi ulilinda nini? Wale waliodhaniwa hawawezi kitu bila kuchapwa waliziendesha manowari ghubani bila maofisa wao, na kwa ustadi uliowashangaza watu waliokuwa wakitazama kutoka ufukweni.

Kinachoniudhi zaidi si mambo ya 1910, ni ya juzi. Mwaka 2008 ndipo sheria ilipowasamehe rasmi João Cândido na wenzake, miaka karibu 40 baada ya yeye kufa. Halafu mwaka 2024, lilipokuja pendekezo la kuandika jina lake katika kitabu cha mashujaa wa taifa, kamanda wa jeshi la majini akawaandikia wabunge kupinga. Hivi kweli, jamani? Miaka 114 imepita na bado mnamwogopa baharia?

Minas Geraes yenyewe iliuzwa ikakatwe chuma chakavu miaka ya 1950. João Cândido ana sanamu Rio, na jina lake limeandikwa kwenye meli moja, ila si ya kivita. Inabeba mafuta.