Tanzi Halina Macho

Kuna maneno yanayosemwa sana, hata barazani kwa walimu waliosoma, ya kwamba ndege wa porini hana mwenyewe, wala hawezi kwisha. Kwa kuwa wasemao ni watu wenye akili, yafaa wajibiwe.

Juu ya kukosa mwenyewe sitasema mengi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori humhesabu ndege pamoja na wanyama wengine, na mwenye kuwinda yampasa awe na kibali. Asiyejua na aulize. Bali neno la pili, la kwamba ndege hawaishi, ndilo baya zaidi, maana humfanya hata mtu mwema aue bila kuona haya.

Palikuwa na njiwa mmoja wa porini katika Marekani ya Kaskazini, ambaye makundi yake yalipopita yaliziba jua kwa muda wa saa nyingi. Wataalamu hukadiria kuwa walikuwa maelfu ya mamilioni. Watu waliwapiga kwa bunduki, wakawanasa kwa nyavu, wakawaangusha makinda viotani, wakawajaza katika mapipa na kuwapeleka mijini kwa gari la moshi. Misitu yao nayo ilikatwa. Njiwa yule hutaga yai moja tu kwa mara moja, hivyo hakuweza kurudisha hesabu. Wa mwisho alikufa katika tundu mjini Cincinnati, tarehe 1 Septemba 1914. Nadhani kule nako walikuwako wazee waliosema kwamba ndege hawaishi.

Mtu ataniambia kwamba Marekani ni mbali. Haya, twende Udzungwa. Mwaka 1991 wachunguzi kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima ile, na baada ya kula waliona ndani ya chungu miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kumbe walikuwa wamekula kwale ambaye hakuandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya ndege! (Wasiomjua ni wataalamu, aliyemkamata bila shaka alimjua vema kwa utamu wake.) Mwaka 1994 alipewa jina la kitaalamu, na ikaonekana kwamba jamaa zake wa karibu si kwale wa kwetu, bali ni wa misitu ya milima ya Asia. Katika dunia nzima huonekana katika misitu michache ya Udzungwa na Rubeho tu. Hutafuta chakula chake chini, kwenye majani makavu, na hapo hapo ndipo mitego hutegwa. Aliyetega alimtaka paa au kanga. Walakini tanzi halina macho, humshika yeyote apitaye.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika. Sisemi kwamba ndege wasiguswe. Kijana anayelinda mtama wa baba yake, akimpiga tetere kwa manati, amemwona ampigaye, amemjua, na tetere ni wengi. Sina ugomvi naye. Ila nitamwomba amwache aliye kiotani, kwa maana njiwa na hua hutaga mayai mawili tu, na makinda hulishwa maziwa yatokayo katika kibofu cha kooni cha wazazi wote wawili. Akiwapiga wazazi hao, amewaua wanne, naye amekula wawili. Hata katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aliyekuta kiota aliagizwa asimtwae mama pamoja na makinda yake.

Ugomvi wangu ni na uwindaji wa kipofu, na ulio mbaya kuliko wote ni sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, nchini Kenya, karibu na Ziwa Victoria, wachunguzi wamewakuta watu wakichanganya mchele na kabofurani, ambayo ni dawa ya kuulia wadudu wa mimea, kisha wakaumwaga chini. Hua na bata wa porini hula, huanguka, huokotwa na kuuzwa. Konokono nao hutiwa dawa hiyo ili kuwapata korongo. Fikiri, msomaji: nyama iliyouawa kwa sumu hupelekwa sokoni, mama huinunua, watoto hula. Je, huo ni uwindaji? Babu zetu walitega, wakapaka ulimbo matawini, lakini sumu ya namna hii hawakuwa nayo.

Basi ndugu walimu, wengi wetu ndio wanunuzi, kwa sababu tuna mshahara. Kijana akija mlangoni na kwale wanne waliofungwa miguu, twauliza bei tu. Tuulize pia wamekamatwa wapi, na kwa kitu gani. Akisema ni msituni kwa tanzi, au akileta hua ishirini waliokufa bila jeraha hata moja, mwalimu atalipaje, kisha kesho asubuhi asimame mbele ya darasa afundishe habari za viumbe?

Najua jibu litakalokuja: fedha ile humsaidia kijana kununua daftari. Na anunuliwe kuku wa mama yake. Huyo naye huuzwa, na daftari litapatikana vile vile.