Nilimwambia daktari kwamba niliacha dawa
Mimi natumia lamotrijini kwa ajili ya baipola, miligramu 200 kwa siku. Mwaka jana niliacha kwa wiki 3 kwa kuwa nilijiona nimepona. Usingizi ulipopotea nikaanza tena mwenyewe, dozi ileile. Siku 2 baadaye nilikuwa na kliniki. Nilishapanga kusema "namshukuru Mungu, naendelea vizuri," maana niliogopa kugombezwa. Nilipokaa tu, nikashindwa kuficha: Daktari, niliacha, na juzi nimerudia.

Hakunigombeza. Aliuliza tarehe, akanikagua ngozi ya mikono, shingo, mpaka ndani ya mdomo. Akaeleza kuwa dawa hii ukiiacha zaidi ya siku 5 hivi, hurudii dozi ya zamani. Unaanza upya chini, kwa wengi miligramu 25, na kupandishiwa polepole kwa wiki kadhaa, la sivyo inaweza kuleta upele mkali unaobabua ngozi na hata kuua. Sikulijua hilo hata kidogo! Na kama ningeficha, kwenye faili langu ingeendelea kusomeka 200 tu.

Madaktari wetu, tafadhali tuulizeni kwa upole kama yule. Mama yangu hadi leo anamficha daktari wake wa presha.