Wimbo Uliomtaja Muuaji

Wapo wasemao kwamba nyimbo za kisasa ndizo zilizowafundisha wanawake kusema wazi. Madai hayo yanaisahau Unguja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Miongoni mwa nyimbo zake umo "Kijiti", unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni. Muuaji alitorokea bara. Waliofungwa ni wanawake waliotoa ushahidi.

Nawaomba muitazame lugha yake. Taarabu hupenda mafumbo: ua, njiwa, bahari, msikilizaji hujifasiria mwenyewe, na mhusika hujifanya hakusikia. Katika wimbo huu fumbo limewekwa kando. Mtenda jinai anatajwa kwa jina, hukumu ya korti inasimuliwa, na anayesimulia ni mwanamke asiye na cheo chochote mbele ya serikali ya kikoloni. Kesi ilikwisha, bali wimbo ukaendelea kumtaja.

Fumbo nalo lina heshima yake, wala silidharau. Mara nyingi ndilo ngao pekee ya mnyonge. Lakini mama aliyepigwa anapofika mbele ya wazee wa jumuiya, huambiwa aseme kwa staha, asimtaje mumewe, amsitiri. Nauliza: staha hiyo inamsitiri nani? Katika mashauri ya namna hiyo, wazee wetu na waandike kwanza jina la aliyepiga, ndipo waulize habari za usuluhishi.