Mazoezi ya Goti Si Uvivu

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi niliyaelewa maneno hayo muhula wa kwanza, siku niliyoruka kupiga mpira wa voliboli nikatua vibaya, goti likalia "ta!" Jioni lilikuwa limefura kama kibuyu. Wenzangu bwenini wakanifariji kwa vitisho: "Pole, hapo ni kisu tu, na mpira kwaheri!"

Daktari aliligundua jambo: kano ya mbele, moja kati ya zile mbili zinazopishana kama msalaba ndani ya goti, ilikuwa imekatika. Lakini hakukimbilia kisu. Alinituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Je, alinihadaa? La hasha! Huko Uswidi watafiti waliwafuatilia vijana 121 waliokatika kano hiyo. Baadhi walipasuliwa mapema. 59 walianza kwa mazoezi, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2010. Baada ya miaka 2, 36 kati ya hao 59 hawakuwa wamepasuliwa kano, na hali ya magoti ya makundi hayo mawili haikutofautiana. Tena, hata waliopasuliwa walilazimika kufanya mazoezi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Unalala chali, unakaza paja, unainua mguu ulionyooka, unahesabu hadi tano, unaushusha polepole. Unakunja magoti na kuinua kiuno. Baadaye unapanda na kushuka ngazi moja, kisha unasimama kwa mguu mmoja. Mazoezi hayaahidi kuunga kano. Kazi yake ni kuimarisha misuli ya paja, mbele na nyuma, ili ilishike goti. Hiyo ni kazi ya miezi, si siku mbili.

Sasa nisikilizeni jamani. Kinachoniuma zaidi si goti, ni maneno. Saa ya michezo nikilala nyasini kuinua mguu, ati mimi mvivu, nakwepa kukimbia! Mwenzangu mmoja aliogopa kuchekwa hivyo, akarudi uwanjani baada ya wiki tatu. Goti likamteleza tena, gegedu ikachanika. Yeye sasa anangoja kisu. Nani alishinda hapo?

Sisemi kila mtu akwepe upasuaji. Goti likikwama, au likiteleza kila mara, mwone daktari upesi. Lakini walimu wetu wapendwa, tunaomba kona moja ya uwanja na dakika ishirini za saa ya michezo kwa walioumia. Nanyi manahodha, msimwite mchezaji kabla mtaalamu hajamruhusu.

Nawe uliyeumia, usione haya. Usione vyaelea, vimeundwa. Inua mguu, hesabu hadi tano, waache wacheke.