Mafuta ya Zeituni Jikoni



Wapendwa wanaparokia, pamoja nanyi nyote mnaosoma tafakari hizi kila wiki,

Swali la wiki hii limeletwa na akina mama wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Wameuliza, kwa heshima na kwa hofu kidogo, kama ni dhambi kuokea keki kwa mafuta ya zeituni. Mmoja wao alikuwa amepata maelekezo ya keki ya chokoleti isiyohitaji siagi. Alipoichukua chupa ya mafuta iliyokuwa chumbani, mama mkwe wake akamzuia: hayo ni mafuta ya upako, hayaingii jikoni. Ubishi huo ukatoka nyumbani ukaingia jumuiyani, na sasa umenifikia mimi.

Jibu ni fupi: si dhambi. Keki iokwe, iliwe, na Mungu ashukuriwe. Hata hivyo, hofu iliyozaa swali hili si jambo dogo, na mama mkwe yule hakuitunga peke yake.

Katika kuwatembelea wagonjwa nimeingia nyumba nyingi za parokia hii. Mafuta ya alizeti huwa nayaona jikoni, karibu na chumvi na majani ya chai. Mafuta ya zeituni nayaona chumbani, juu ya kabati, pengine yamefunikwa kwa kitambaa cheupe. Chupa ni ndogo, imenunuliwa kwa bei inayoumiza, ikapelekwa mahali fulani kuombewa, kisha hutumika kwa tone moja moja: kwenye paji la uso la mtoto anayekwenda kufanya mtihani, kwenye kizingiti cha duka, kwenye goti linalouma. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna tena anayekumbuka kwamba mafuta yale ni chakula.

Tuyarejee basi Maandiko, maana huko mafuta ya zeituni yako jikoni tangu mwanzo. Mjane wa Sarepta, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 17, alikuwa amebakiwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo tu. Alikuwa akiokota kuni ili apike mlo wa mwisho, yeye na mwanawe, kabla njaa haijawaua. Je, nabii Eliya alimwomba nini? Hakumwagiza ajipake mafuta yale kichwani, wala hakuitwaa chupa na kuizungusha juu ya nyumba. Alimwomba aoke. Kwanza mkate mdogo wa nabii, kisha wa mama na mtoto. Na muujiza wenyewe ulikuwa nini, kama si kwamba unga haukupungua wala mafuta hayakukoma mpaka mvua ilipoirudia nchi? Mafuta ya muujiza ule yaliishia matumboni mwa watu wenye njaa. Kila ninaposoma sura hiyo huwa najiuliza jinsi mama yule alivyochoka kuoka, siku baada ya siku, mkate ule ule. Lakini Maandiko hayasemi kitu juu ya hilo.

Aidha, Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kinapotaka kueleza utamu wa mana, kinaufananisha na maandazi yaliyookwa kwa mafuta. Kitabu cha Walawi, sura ya 2, kinaagiza jinsi ya kumtolea Mungu unga uliochanganywa na mafuta, uliookwa tanurini au kukaangwa. Naye Msamaria mwema, katika Injili ya Luka, hakuwa na mafuta ya pekee ya kidini. Alimimina katika majeraha ya yule mtu mafuta na divai alivyokuwa navyo safarini, kama vile msafiri wa leo anavyobeba maji na mkate.

Najua mtanikumbusha Kutoka, sura ya 30, na ni haki yenu. Pale Mungu anamwamuru Musa atengeneze mafuta matakatifu, na anakataza vikali mtu yeyote asitengeneze yanayofanana nayo kwa matumizi yake. Lakini someni polepole. Kilichokatazwa ni mchanganyiko ule wa manemane, mdalasini na viungo vingine vya harufu nzuri katika mafuta ya zeituni, uliowekwa wakfu kwa ajili ya hema na makuhani. Mafuta ya zeituni yenyewe yaliendelea kuwa ya kila nyumba: ya kupikia, ya taa, ya ngozi, ya kidonda.

Kanisa linafuata njia hiyo hiyo mpaka leo. Sakristia yetu ina vyombo vitatu: Krisma, Mafuta ya Wakatekumeni na Mafuta ya Wagonjwa, yatokayo katika Misa ya Krisma inayoongozwa na Askofu. Hayo hayaingii jikoni kamwe. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyotengwa kwa ibada vitunzwe kwa heshima wala visitumiwe ovyo. Yanapopita mwaka huyachomwa kwa heshima, na mapya hushika nafasi yake. Lakini chupa iliyotoka dukani kwenda kabatini haikuwahi kuwa miongoni mwa hayo matatu. Imenunuliwa ikiwa chakula na imebaki kuwa chakula, hata kama kuna mtu aliyeipigia kelele. Ama mafuta aliyoyabariki padre kwa ajili ya familia, yatumieni kwa sala na kwa staha, msiyauze, na msidhani ni Sakramenti. Mpako wa Wagonjwa hutolewa na Askofu au Padre peke yake. Kanuni ya 1003 inasema hivyo, na maelekezo ya Vatikani ya mwaka 1997 yalikumbusha kwamba waamini walei wasipake watu mafuta, ya wagonjwa au mengine yoyote, kwa namna inayofanana na Sakramenti hiyo.

Jambo moja linanifurahisha zaidi katika habari hii. Kwa karne nyingi mafuta ya Mpako yalipaswa kuwa ya zeituni tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI, akizifikiria nchi ambazo mizeituni haioti, aliruhusu mafuta mengine yatokanayo na mimea yatumike pale ambapo ya zeituni ni vigumu kupatikana. Yaani alizeti ya Singida inaweza kuwa Mafuta ya Wagonjwa, Askofu akiyabariki. Kama uwezo ungekuwa umejificha ndani ya zeituni, Papa angewezaje kuruhusu hivyo? Anayeponya ni Kristo, ambaye jina lake lenyewe lina maana ya Mpakwa Mafuta, na aliyetoa jasho la damu mahali paitwapo Getsemani, yaani shinikizo la kukamulia mafuta.

Nasisitiza hayo kwa sababu nchi yetu imekwisha kuzika watu kwa ajili ya mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa chini na kuitwa ya upako. Hawakuwa wajinga wale. Walikuwa na magonjwa, madeni, na watoto wasio na kazi, kama tulivyo sisi. Wapo wanaowacheka, mimi siwezi, maana mama aliyemaliza miezi akizunguka hospitali bila kupata nafuu atashika lolote linaloahidi. Ninaowalaumu ni wale wanaoijua dhiki hiyo na kuiwekea bei kwa chupa.

Hata hapa kwetu yupo mzee aliyeacha vidonge vya shinikizo la damu akapaka mafuta kifuani kwa miezi kadhaa. Leo mkono wake wa kulia hauinuki. Alipakwa mafuta mengi, na kwa imani ya kweli. Kwa hiyo nawasihi muirudishe ile chupa jikoni. Sina njia nyingine bora ya kuivua uchawi kuliko kuimimina ndani ya unga mbele ya watoto.

Na sasa keki yenyewe, maana nimeahidi. Maelekezo haya yamejaribiwa katika jiko la nyumba ya mapadre. Kwa chombo cha upana wa sentimeta 22 hivi, andaa unga wa ngano gramu 180, sukari gramu 200, unga wa kakao gramu 40, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai 2, mafuta ya zeituni mililita 120 na maji yaliyochemka mililita 180. Asiye na mizani apime kikombe kimoja na nusu cha unga, kikombe kimoja cha sukari, nusu kikombe cha kakao, nusu kikombe cha mafuta na robo tatu ya kikombe cha maji, mradi kikombe kiwe kile kile tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza kwa kumimina maji ya moto juu ya kakao na kukoroga hadi upate uji laini wenye harufu nzito. Joto ndilo linaloamsha ladha ya kakao. Uache upoe, la sivyo mayai yataiva humo. Piga mayai na sukari mpaka yabadilike rangi na kuwa meupe kidogo, kisha tia mafuta taratibu huku ukikoroga. Ongeza uji wa kakao. Mwisho chekecha unga pamoja na beking pauda na chumvi, changanya mpaka usiuone unga mkavu, halafu uache. Anayeendelea kukoroga kwa bidii atapata keki ngumu. Rojo litaonekana jepesi mno. Msiogope, wala msiongeze unga.

Katika oveni, nyuzi 170 kwa dakika 40 hivi zinatosha. Kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu. Wenye jiko la mkaa wafanye kama bibi zetu: sufuria kubwa lenye mchanga uliopata moto, chombo cha keki juu ya mchanga, na makaa juu ya mfuniko, ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Nasikia husemwa kwamba mafuta ya zeituni hayafai motoni. Katika keki hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu ndani ya keki mna maji, na joto lake halipandi sana zaidi ya nyuzi 100.

Siagi ina maji ndani yake, kama asilimia 16, tena huganda ikipoa. Mafuta hayagandi, na ndiyo sababu keki ya mafuta hubaki laini siku ya pili na ya tatu. Iokwe Jumamosi, iliwe Jumapili baada ya Misa. Uchungu kidogo wa zeituni unapatana vizuri na uchungu wa kakao. Na kwa kuwa kakao inalimwa Kyela na Kilombero, naona fahari kuila ndani ya keki hata kama kopo la dukani limetoka mbali. Wakati fulani chokoleti nayo iliwasumbua wanateolojia: mwaka 1664 Kardinali Brancaccio alichapisha kitabu kizima kwa Kilatini akitetea kwamba kinywaji cha chokoleti hakivunji mfungo, kwa kuwa ni kinywaji. Keki hainywewi, hivyo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu isubiri.

Kabla ya kumimina, nuseni chupa. Mafuta ya zeituni hayapendi mwanga wala joto, na yaliyokaa wazi mwaka mzima karibu na dirisha huwa yamechacha, yananuka kama karanga za zamani. Hayo yasiingie katika keki; yatieni utambi yawake mbele ya msalaba wakati wa sala ya jioni. Na asiye na mafuta ya zeituni asiende kuyanunua kwa ajili ya barua hii. Alizeti itaoka keki ile ile, kwa vipimo vile vile, na fedha inayobaki inatosha mayai ya wiki.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi nitazunguka kwa wagonjwa majumbani kama kawaida. Viongozi wa jumuiya wanipatie majina mapema. Mpako hauna malipo, wala hakuna anayehitaji kununua chupa. Mafuta nitakuja nayo mwenyewe. Vidonge vya mgonjwa viwekwe mezani pamoja na msalaba na mshumaa, nipate kuona kama anavimeza.

Wenu katika Kristo,
Paroko