Tunarudisha "Changamoto Mbalimbali"

Makala nyingi tunazoletewa na vijana wanaoanza kuandika hufunguka hivi: "Katika ulimwengu wa leo wa sayansi na teknolojia..." Mwandishi ametoka Nyarugusu, kaka yake anashinda duarani, mama anaponda mawe, hayo hayamo. Kuna "changamoto mbalimbali za jamii". Zipi? Tunamrudishia.

Kosa ni letu pia sisi walimu, tuliozoea kutoa alama kwa maneno makubwa. Kijana akiandika kwamba duara lilibomoka usiku, na watu wakakesha juu wameshika kamba hadi kukapambazuka, atamwelewa msomaji wa Kahama na wa Dar es Salaam. Ila kabla ya kutaja jina la marehemu, aongee na familia. Hilo hatulegezi.

Kisha arudie. Machimboni mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi. Unaitwa marudio, na wapo wanaoutafuta kwa dhahabu iliyobaki humo. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mwenzake. Akipiga mwayo, sentensi hiyo ifutwe.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyesoma seminari ya Rubya, alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945: kilimo, uvuvi, ndoa na tiba za kwao, vitu alivyovijua. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980, naye akafariki 1981. Hatumtakii kijana yeyote kungoja miaka 35. Lakini "changamoto mbalimbali" tutaendelea kuzirudisha.