Kofia sawa, ila na nyayo je?

Wadau wa Mbeya na Iringa, leo tuzungumzie miguu. Mtoto akizaliwa na baka la bluu kiunoni, maneno mtaani hayakosekani. Baka lile halina neno, mara nyingi hufifia lenyewe akikua. La kuogopa ni doa jeusi linalozuka ukubwani unyayoni au chini ya ukucha.

Elimu ya saratani ya ngozi kwetu ni jua, kofia na ndugu zetu wenye ualbino. Ni sahihi kwao. Lakini sisi weusi, melanoma hupenda nyayo na kucha, na jua si kisa. Bob Marley ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Ilianzia kidole gumba cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira.

Sasa mkulima wa viazi wa Uporoto au Kilolo, anayeshinda shambani pekupeku, atalitofautishaje na mwiba? Jamani, tusilichokonoe kwa wembe. Likitanuka, likibadilika rangi au likitoa damu, twende hospitali, kipande kikapimwe.

Nanyi wahudumu wa zahanati, kidonda cha mguu kisichopona msikifunge bandeji tu kila wiki. Mpeni mgonjwa rufaa mapema.

Naomba kuwasilisha.